Wimbo wa Kuogeshwa

Leo dukani nimenusa kamba mpya ya katani, nikamkumbuka shangazi. Alikuwa amerekodi nyimbo tatu, na mtangazaji wa redio alikubali kupiga moja tu. Basi akawawekea kaseti akina mama wa kuanika katani pale Mwatate, kesho yake tukarudi kusikia wanaimba upi wakifanya kazi.

Ule wa mapenzi, hakuna. Ule wa kanisa, hakuna. Wote walikuwa kwa ule wa mtoto anayelia akiogeshwa.

“Shangazi, huyo ni mimi.”

“Najua, baba. Sasa wewe ndio unga wetu.”

Redio iliupiga kila asubuhi, na darasani waliniimbia mpaka mwalimu. Watu nawaambia ndio maana shule sikumaliza.

Kamba nimenunua, ya kufunga nini sijui. Ile sehemu ya mtoto kulia nimeiimba mpaka nyumbani.