Mlango wa Duka la Mikate

Wifi yangu Vidka alipima maziwa kwenye ushirika miaka thelathini, na tangu astaafu anaokota mbao. Anapita kwenye nyumba ambazo wenyewe wamehamia Ujerumani, anarudi na bati lenye kutu au kipande cha lango. Anavikata, anavipigilia pamoja, na huwezi kusema ni picha ya nini. Hapigi msasa, hapaki rangi. Kijijini wanamwita Vidka wa takataka, watu ambao hawajawahi kuchonga hata mwiko.

Kazi yake kubwa ilikuwa mlango wa duka la mikate lililofungwa. Hapo ndipo tulipokuwa tukibandika matangazo ya wafu wetu, karatasi zenye picha na tarehe zao: siku arobaini, nusu mwaka, mwaka tangu kufa. Kwetu tangazo la marehemu halibanduliwi kwa mkono, huachiwa mvua, kwa hiyo karatasi zilikuwa zimegandamana unene wa kidole. Vidka aliukata mlango vipande vitatu, kimoja akakigeuza juu chini, mapengo akayaziba kwa bati. Ukisogea karibu uliona sikio, nusu ya tarehe, tai ya harusi. Aliuhangaikia majira yote ya baridi. Ulitundikwa kwenye ukumbi wa kijiji, wageni wa wilaya waje kuuona Pasaka. Hakuwahi kutundikiwa kitu popote.

Sasa, kabla ya Pasaka sisi hupaka rangi kila kitu: miti, uzio, mawe ya kisima. Asubuhi ya wageni tuliukuta mlango unang'aa rangi ya kahawia. Mladenka, mtunza ukumbi, alikuwa anaosha brashi.

"Nimekusaidia, dada," alimwambia Vidka. "Yale makaratasi yalitia aibu. Nimeyakwangua yote, nikayatia motoni."

Nilimwita majina nisiyoweza kuyaandika, na sijutii hata moja. Vidka alinishika mkono.

"Uliwasoma?" alimuuliza.

"Nisome nini, matambara yale?"

"Juu kushoto, kando ya bati. Mama yako. Wengine wote niliwakata, yeye nilimwacha uso mzima."

Mladenka akapanda kiti, akaanza kukwangua rangi mbichi kwa ukucha.

"Si ungeniambia, Vidka."

"Umeupita na ndoo yako wiki mbili nzima."

Vidka akaushusha mlango. Wageni walionyeshwa msumari.

Watu wananiambia nimhurumie Mladenka. Nitamhurumia hasira zikiisha, na bado hazijaisha.