Mboga Niliyofundishwa Nikitazama Ukuta

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na sehemu kubwa ya hayo masomo niliyapata nikitazama ukuta. Mwalimu wetu pale kijijini Bokoli hakuwa mtu wa kiboko. Ukikosa, anakutuma nyuma ya darasa, unasimama pua iguse ukuta mpaka kengele ilie. Mimi nilikosa sana. Ule ukuta wa udongo naujua mpaka leo kuliko ninavyoijua sura ya mwalimu mwenyewe: ulikuwa na ufa ulioanza juu ukashuka ukigawanyika mara mbili, na shimo moja dogo ambalo nyigu aliingia na kutoka kama mwenye nyumba. Lakini masikio hayakuwa yamefungwa. Hesabu za mara mbili mpaka mara tisa nilizishika zote nikiwa nimegeuza mgongo. Mara kumi ndiyo inanisumbua, kwa sababu siku hiyo sikufanya kosa lolote. Nilikaa kwa dawati kama wengine, nikatazama ng'ombe dirishani.

Ng'ombe ndio walinitoa shule. Baba alikuwa na fahali mmoja mkorofi ambaye hakukubali kuchungwa na mtu mwingine ila mimi. Huyo fahali ana hadithi yake, lakini nikiianza hatutafika. Alikufa, nikakua, nikahamia upande wa Kitale kulima, nikaoa msichana kutoka kwetu kule Bokoli. Nasema haya yote ili ujue kwamba mtu anaweza kufundishwa na sauti peke yake, bila kumwona anayemfundisha. Mimi nilifundishwa hivyo mara mbili. Mara ya pili nilikuwa mzee wa mvi.

Mama watoto aliugua tumbo. Miaka hiyo simu za mkono zilikuwa zimeanza kuingia hata kwa watu kama sisi, na watoto wetu walikuwa wameshatoka nyumbani, kila mmoja na mji wake. Akapasuliwa, akalala hospitali wiki nyingi, akarudi nyumbani. Ugonjwa ulikuwa umekwisha, lakini chakula alikataa. Kila kitu mdomoni mwake kilikuwa na ladha ya chuma, ati kama analamba panga. Uji, chuma. Maziwa, chuma. Mikono yake ikawa kama fimbo za maharagwe. Muuguzi aliyekuja kumfunga kidonda akaniita nje.

"Mzee," akasema, "dawa imefanya kazi yake. Sasa ni chakula. Asipokula, hatuna kitu kingine cha kumpa."

Mimi nilikuwa sijui hata kuwasha jiko. Kwetu mtoto wa kiume akionekana akifunua sufuria aliulizwa kama ameanza kuota matiti. Nilikuwa nimefikisha umri wa babu bila kujua chumvi inakaa wapi katika nyumba yangu mwenyewe. Majirani walisaidia, lakini jirani ana nyumba yake. Basi nikaingia.

Ugali wa kwanza ulikuwa uji mzito. Wa pili ulikuwa jiwe. Sitaki kusema kuhusu mayai.

Nikaanza kwenda soko la Kitale kila asubuhi na kikapu cha mke wangu. Wale akina mama wa mboga walinicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mzee, mama amekukalia?"

"Hajanikalia. Ni mgonjwa."

"Ooh, pole baba. Basi hiyo sukuma wiki uliyoshika iache, imelala tangu juzi. Kuja hapa nikuonyeshe."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza soko. Jani unavunja kikonyo chake usikie kama linalia. Nyanya unainusa pale lilipokuwa tawi. Nikipita waliniita mzee wa mboga, na nitasema ukweli, nililipenda hilo jina kuliko mengi niliyowahi kuitwa.

Karibu na soko kulikuwa na hoteli ya mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Kenya ya kati wakapata shamba Trans-Nzoia zamani. Nilikuwa nakula githeri yake, yale mahindi na maharagwe, nikichoka na mapishi yangu. Alinionea huruma, akanifungia mukimo kwenye kopo, wa viazi na majani ya malenge, laini kabisa.

"Mpelekee. Huu hata mtoto asiye na meno anameza."

Mke wangu alikula vijiko viwili, akashukuru, akageuka upande wa ukuta. Nikakaa pale na lile kopo. Baada ya muda akasema akiwa bado amegeuka, "Unajua ni nini ninaota? Murere wa mama. Ule wa musherekha."

Murere ni ile mboga ya kuteleza ambayo wengine wanaita mrenda. Na musherekha ni chumvi yetu ya zamani: unachoma maganda makavu ya maharagwe, unachukua jivu lake, unalichuja na maji. Hiyo ndiyo inalainisha mboga na kuipa ladha ambayo duka haina. Mke wangu mwenyewe alikuwa ameacha kuitumia miaka mingi, tangu tuzoee mambo ya kopo la dukani. Sasa mgonjwa ameitaka.

Nikasema hii ni rahisi. Nikanunua murere sokoni, na magadi badala ya musherekha, kwa maana niliambiwa ni ndugu. Nikaweka kipande kama ngumi ya mtoto. Bana, ile sufuria ilitoa povu kama mtu anafua blanketi. Nikaonja, nikakimbia nje. Siku iliyofuata nikachuja jivu la jikoni kwetu, la kuni za mikaratusi, ikatoka chungu ya kukunja uso. Nikasikia ati Bungoma, karibu na reli, kuna hoteli inapika mboga za kienyeji. Nikaenda na bakuli langu la kufunika. Mboga ilikuwa kijani kama rangi ya mlango.

"Hii ni ya musherekha?" nikamwuliza msichana anayepakua.

"Ni ya baking powder, mzee. Lakini si iko poa? Angalia vile inang'aa!"

Nikaila mwenyewe na chai, nikarudi na bakuli tupu. Mama watoto hakuniuliza nimetoka wapi. Alikuwa ameacha kuuliza mambo, na hilo lilinitisha kuliko mikono yake.

Ikabaki mtu mmoja tu anayejua: mama mkwe wangu, kule Bokoli.

Hapa msomaji asiye wa kwetu anisikie vizuri. Mkwe na mama mkwe kwetu hawaonani. Ukimwona mbele njiani unaingia shambani kwa watu, unasimama kwenye mahindi mpaka apite. Hamsalimiani kwa mkono, hamli pamoja, na yeye hawezi kulala nyumbani kwako hata dunia ipinduke. Si chuki, ni heshima. Miaka karibu arobaini nilikuwa nimeoa na nilikuwa namjua yule mama kwa leso zake tu, zikipotea kwenye kona. Kwa hiyo hangeweza kuja Kitale kupika. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu anayekaa naye, alijaribu kututumia mboga iliyopikwa. Ilikaa njiani siku mbili, ikafika imechacha.

Mimi nikajiona mjanja. Nikampigia shemeji. "Mpe mama simu. Kwa simu hatuonani, kwa hiyo hakuna kosa."

Nikasikia wakiongea kule nyuma, halafu shemeji akarudi akicheka. "Mama anasema sauti ya mkwe haiwezi kuingia ndani ya sikio lake. Ati hiyo ni mbaya kuliko kuonana, kwa sababu sikio halina kope za kufunga."

"Basi akwambie wewe, uniambie."

"Mimi? Mimi napika na kopo kama dada. Nilimwuliza ni kiasi gani, akaniambia kiasi. Kuja tu wewe."

Nikaenda. Nilimwacha mgonjwa na jirani, nikafika Bokoli kabla ya saa sita mchana. Shemeji akanipeleka nyuma ya jikoni la mama yake, jikoni la udongo la kizamani, akaniwekea kigoda na jiko dogo la makaa na sufuria, na mboga, na maganda makavu. Mama mkwe alikuwa ndani, upande wa pili wa ukuta, na chungu chake. Yeye apike, mimi nipike, na shemeji awe mlangoni akipeleka maneno. Nikakaa nikitazama ule ukuta. Ulikuwa na ufa. Nusura nicheke peke yangu.

"Anasema choma maganda yenyewe tu, usichanganye na kuni," shemeji akasema. "Mpaka jivu liwe jeupe."

Nikachoma.

"Anasema weka jivu kwa mkebe uliotobolewa chini. Mwaga maji juu, polepole. Usiharakishe."

Nikamwaga. Maji yakaanza kudondoka, rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Sasa maji ya sufuria yakichemka ndiyo unaweka musherekha, kabla ya mboga." Yule shemeji amekuwa mtani tangu nilipoenda kuoa. "Anasema vikombe viwili vizima, halafu ukoroge ukiruka na mguu mmoja."

Mimi mtu mzima, mke wangu anakufa njaa, nikainua kikombe. Hata mguu nilikuwa nimeanza kuinua.

"Si vikombe!" Sauti ikatoka ndani ya ukuta. "Ni vijiko viwili! Unataka kuua mtoto wangu?"

Shemeji akashika mdomo. Mimi nikashusha mguu. Katika miaka yote hiyo lilikuwa neno la kwanza yule mama aliniambia, na lilikuwa tusi.

Nikasikia kifuniko cha chungu kikiwekwa chini. Halafu yule mama akaanza kuongea tena, sauti ya chini, lakini safari hii hakuwa anaongea na mimi wala na shemeji.

"Wewe chungu," akasema, "nisikie. Mboga ikiingia usifunikwe. Ukifunikwa inakuwa njano. Moto uwe mdogo. Majani ya kunde kidogo pamoja na murere, ndiyo isiteleze kupita kiasi. Ikiiva, ilale. Kesho ndiyo unaweka maziwa, unapasha tena. Mtoto wangu hajawahi kuipenda ya siku ya kwanza."

Mimi nikafanya yote ambayo chungu kiliambiwa. Shemeji akaenda zake kuteka maji, na nafikiri alifanya kusudi.

Baada ya muda chungu kikaulizwa: "Wewe chungu, mtoto wangu amekonda?"

Nikatazama ule ufa. "Ukuta," nikasema, "mwambie amekonda. Mwambie hageuki hata kutazama mlangoni."

"Chungu, analia?"

"Ukuta, halii. Ni mimi."

Nilisikia mwiko ukizunguka polepole, na wangu ukizunguka, na nikajikuta nafuata mwendo wake. Kisha mkono ukatokea chini ya paa, pale ukuta unapoishia, umeshika chupa iliyojaa musherekha na kufungwa kwa gunzi la mahindi. Mkono wa mzee, una kovu la moto kwenye kidole gumba. Mke wangu ana kovu pahali hapohapo. Nikaipokea chupa bila kugusa ule mkono. Ukarudi ndani.

Nilirudi nayo Kitale jioni ile, na kesho yake nilipasha ile mboga kwangu, nikaweka maziwa, nikampelekea mgonjwa na kipande cha ugali, ambao siku hizo ulikuwa umeshaanza kuwa ugali. Alikula tonge moja akinitazama. Tonge la pili.

"Umeenda Bokoli," akasema.

"Nimeenda."

"Mama alikwambia vipi na hamuongei?"

"Aliambia chungu."

Akacheka, akashika tumbo kwa sababu ya kidonda, akasema nisimchekeshe, akala sahani yote. Akasema haina chuma.

Sitadanganya kwamba alipona siku hiyo. Ilichukua miezi. Lakini kila wiki nilichuja musherekha wangu mwenyewe, na murere ulifungua njia kwa vitu vingine: kunde, viazi, mwishowe kuku. Nilipika mukimo wa yule mama wa hoteli, akauonja akasema bado, viazi vimepigwa kidogo. Nikampa na yeye murere wangu aonje. Akasema, "Hii yenu inateleza kama uongo," lakini alimaliza. Nilifurahia siku zile, na ninaona haya kidogo kusema, kwa sababu mtu hapaswi kufurahi mke wake akiwa kitandani. Nilikuwa na soko langu, moto wangu, sufuria zangu nikizijua kwa mlio. Niliimba jikoni. Sikuwahi kuimba shambani.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama kwenye jiko, murere wa jana unapata moto, nikasikia miguu. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni bila fimbo, leso imefungwa kiunoni kwa nguvu, namna anavyofunga akitaka kazi. Akatazama sufuria zilivyoungua matako. Akatazama mwiko wake niliouchoma ncha. Akatazama mikebe yangu iliyotobolewa, nimeipanga dirishani.

"Nani aliweka chumvi huku?" akasema. "Na hii ni nini? Mzee, hili ni jikoni ama ni karakana?"

"Nimebakisha kuweka maziwa tu," nikasema.

"Nitaweka mimi."

"Usiiache ichemke, ika..."

"Baba watoto." Alisema polepole, mkono umeshika kiuno, na ule mkono ulikuwa na nyama. "Mimi ndiye nilizaliwa na huyo mwenye chungu. Toka jikoni kwangu."

Nikaweka mwiko chini. Nikafuta mikono kwenye suruali. Nikapita mlangoni karibu naye, nikatoka uani kwenye jua, nikaenda zangu shambani. Na jikoni sikurudi tena.