Nilivyomkemea marehemu mke wa rafiki yangu Mchina, mezani kwake

Wakuu, heshima zenu. Hii siipambi hata kidogo. Imenitokea Jumamosi iliyopita hapa Toronto na bado naona aibu kuiandika.

Nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji, Markham, pembeni tu ya jiji. Jirani yangu wa meza ni mkemia wa Kichina, mtu mzima, namwita Mzee Lin. Lunch ndiyo muda wa mijadala yetu. Mimi mlokole, nasema sayansi inaonyesha kazi ya Mungu. Yeye anasema kwa wahenga wao mbingu, ardhi na mtu ni kitu kimoja, kwa hiyo hajawahi kuona sayansi na ibada vikigombana.

Anauliza kwa upole, mimi najibu kama niko kwenye mkutano wa injili. Nilijiona nashinda.

Basi akanialika kwake. Mezani kulikuwa na samaki, machungwa, na picha ya mkewe aliyefariki. Mbele ya picha kaweka bakuli la wali na vijiti vya kulia. Akaniambia ni siku zao za kuwakumbuka waliotangulia.

Nikamuuliza, "Mzee, wewe mwanasayansi, kweli anakula?"

Akatabasamu. "Sijui kama anakula. Najua mimi bado ni mume wake."

Hapo ningenyamaza. Lakini akaniomba niombee chakula kwa desturi yangu, kwa kuwa ni mgeni.

Wakuu, nikasimama. Nikakemea kila roho ya wafu kwenye ile meza, kwa sauti, tena kwa Kiingereza ili aelewe vizuri.

Nilipofumbua macho, Mzee Lin alikuwa ameishika ile picha. Akaipeleka chumbani taratibu, akarudi, akaniwekea samaki.

"Sasa kula kwa amani," akasema.

Nikala. Hata ladha siikumbuki.

Na kwetu Moshi, kaburi la babu liko migombani. Kila Desemba tunapita kumsalimia kwanza ndipo tuingie ndani, mchungaji akiwemo. Sijawahi kusikia mtu akimkemea babu.

Nilichojifunza: unaweza kuipatanisha Biblia na kemia vizuri tu, ukashindwa kukaa na mfiwa.

Kazini bado tunakula pamoja. Ila haniulizi kitu tena, na hilo linaniuma sana.

Nataka nirudi kwake nikaombe radhi. Lakini niliyemfukuza mezani ni mkewe, kwa hiyo itabidi niinamishe kichwa mbele ya ile picha na niseme naye.

Walokole wenzangu, mngefanyaje? Semeni, hata mkinichana nimestahili. Mimi machungwa nimeshanunua.