Ruhusa ya Kukamua

Mimi ni mdadisi, ila udadisi wangu una tabia mbaya ya kuamka baada ya hasara.

Nilikuwa natunza sauti za wazee zilizorekodiwa, katika chumba kimoja Kiseke, kwenye kompyuta moja na diski ya nje iliyochomekwa muda wote. Kila siku saa saba mchana, mimi nikiwa nakula, kompyuta ilinakili kila kitu yenyewe kwenye ile diski. Mwanzoni iligomea baadhi ya mafaili. Nikachoka kubembeleza mashine, nikaipa kazi hiyo nywila yangu ya msimamizi mkuu, ile inayofungua, kubadili na kufuta chochote. Ikaacha kugoma, nami nikajiona fundi kweli.

Asubuhi moja nilifungua barua pepe iliyojidai ni mwaliko wa semina. Kabla ya saa ya chai, kirusi kilikuwa kimefunga mafaili yote. Sikuhofu, maana diski ilikuwepo. Nikaichomeka kwenye kompyuta nyingine, nikakuta mafaili yake nayo yamefungwa vilevile.

Siku mbili nilichunguza kilipitaje. Hakikuvunja chochote. Kilikuta nywila yangu imeandikwa ndani ya maelekezo ya kunakili, kikaitumia kama nilivyoitumia mimi. Nilicheka peke yangu, kisha nikakumbuka sauti ya mzee mmoja wa Kisesa.

Mzee huyo ni mfugaji. Baada ya kumrekodi alipata kiharusi, hawezi tena kusema. Binti yake aliniomba nakala ya sauti ya baba yake, nikamwambia wiki ijayo.

Nilikwenda. Nikamwamkia mzee shikamoo, akainua mkono. Nikamweleza binti ukweli wote.

"Wewe ulimsikiliza," akasema. "Alisema nini?"

Nikaanza kusimulia. Mzee aligawa ng'ombe wake kwa marafiki wa vijiji mbalimbali, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize wote. Rafiki anayemtunzia alipewa ruhusa ya kukamua maziwa. Kuuza au kuchinja, hapana.

Hapo nikanyamaza. Maneno hayo niliyarekodi mimi mwenyewe, nikayanakili kila mchana, na mtunzaji wangu, ile kompyuta, nikamkabidhi kisu. Niliona aibu mbele ya yule mzee kuliko nilivyoona mbele ya kompyuta.

"Endelea," binti akasema.

Nikataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao, kama alivyowataja yeye. Nilipofika kwa mweusi mwenye baka jeupe usoni, mzee akagonga fimbo sakafuni. Akajigusa tumbo. Nikasahihisha: baka jeupe tumboni. Akatikisa kichwa kukubali.

Binti akatoa simu, akaiweka mkekani katikati yetu, akaniomba nianze upya, na baba yake agonge fimbo nikikosea.

Rekodi hiyo anayo mpaka leo, na dada yake kule Magu anayo nakala. Sauti ni yangu mwanzo hadi mwisho. Ya baba yao ni ile fimbo.