Pengo Lililotembea Mchangani

Vita viliposimamisha masomo Bujumbura, nilirudi Rumonge kwa mama mdogo nikiwa na tasnifu isiyokwisha, kuhusu mawimbi pweke katika gesi iliyopozwa hadi karibu na sifuri kamili. Gesi hiyo sikuwahi kuiona. Maabara yetu ilikuwa na friji moja, na ndani yake mlikaa soda za mhadhiri.

Mama mdogo alianika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wanawake walipangana mstari mmoja kando ya maji, kila mmoja na kiwanja chake mchangani. Mimi nilifukuza kunguru. Walisema msomi amezoea kukaa bure akitazama.

Asubuhi moja mama mmoja wa Kivu, aliyeanika mwanzo wa mstari, upande wa kulia, hakutokea. Mlango wake ulikuwa wazi, sufuria bado jikoni. Milio ya risasi ilikuwa imesikika upande wa Kizuka. Kwa wanawake wale, nafasi ya asiyeonekana haizibwi mpaka habari ya msiba ifike. Ukiiziba, umemzika. Lakini hakuna aliyetaka pengo liwe upande wake wa kulia. Basi jirani wa yule mama akahamia humo na ndagala wake, pengo likabaki kushoto kwake. Kesho yake aliyefuata akafanya vilevile. Kila siku pengo lilisogea hatua moja kuja kwetu, upana uleule.

Nilifurahi kama mjinga.

"Hili ndilo wimbi langu!" nikawaambia. "Kwenye ile gesi, wimbi jingine si nundu, ni shimo. Linapita katikati ya gesi bila kubadilika umbo."

"Ee profesa," mmoja akanitania, "na hiyo shimo yako inaendaga wapi?"

"Likifika mwisho wa mtego unaoishikilia gesi, linarudi."

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimesahau ninaongea na watu wanaomngoja mwenzao.

"Na likisimama?" mama mdogo akauliza.

"Lile jeusi kabisa, lisilobaki na gesi ndani, ndilo husimama," nikajibu, kama niko kwenye mtihani.

Siku ya saba pengo lilifika kulia kwetu. Wote walitazama. Mama mdogo hakuhama. Alichukua beseni la ndagala wetu wabichi, akawatandaza ndani ya pengo.

"Wee! Umemuzika mwenzetu!"

"Nimemwanikia. Akirudi atakula nini, muchanga?"

"Na kama harudi?"

"Kesho nitaanika tena. Kiwanja ni chake."

Jua lilipokuwa kali tulikwenda sote kunywa chai kwenye kibanda cha kukamulia mawese. Nyuma yetu mchanga ulibaki mtupu, hata kunguru hawakuwapo. Tuliporudi, ndagala wa kila mtu walikuwa kama tulivyowaacha. Wale wa kwenye pengo walikuwa wamegeuzwa, mmoja mmoja, kwa utaratibu.

"Ni wewe umegeuza?"

"Hapana, mama mdogo. Si nilikuwa na nyinyi?"

Nilitafuta nyayo. Nikaona za mama mdogo za asubuhi, basi. Nikaanza kueleza habari za upepo, ingawa ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta.

"Nyamaza kidogo," akasema, bila ukali.

Akavuta kigoda chake kushoto, kama mtu anayempisha mwenzake akae, akaendelea kugeuza ndagala wetu.