Uso wa Kijani Kwenye Kaseti

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, nilipokaribia kumkosa babu yako kwa sababu ya rangi ya ukuta. Usicheke, sikiliza kwanza.

Kwetu tulikaa Mutshatsha. Yeye alichimba shaba Kolwezi, ndiko tulikojuana nilipokuwa napeleka makala, yaani mkaa, sokoni. Zamu za kazi zilimzuia kuja kujionyesha kwa wazee wangu. Basi mama yake, aliyekuwa amehamia karibu nasi kulima mihogo, akaenda kumtembelea na kurudi na kaseti ya video. Walirekodiwa wote wawili, wameketi chumbani kwake. Ukoo mzima ukajazana mbele ya televisheni ya baba. Nilimpenda mno, na jibu la posa lilikuwa litoke jioni ile ile.

Picha ilipotokea, uso wake ulikuwa wa kijani, macho yameingia ndani. Kuta za kile chumba zilipakwa kijani juu mpaka chini, na taa ya neoni ikammwagia rangi yote usoni. Lakini nani kati yetu alifikiria kuta?

Shangazi alishika kichwa. "Batu bangu, huyu mutoto iko mugonjwa! Njo huyu munataka kumupa mutoto yetu?"

Baba akaguna. Machozi yakanitoka, sikuyaficha.

Hapo Kaku, mama yake baba, akasogeza kiti karibu na kioo. "Na mama yake, naye iko mugonjwa? Angalieni, naye iko rangi ya majani. Leo asubuyi alinibebea gunia ya makala, tena anaimba! Muite mutoto akuye, tumuone ku jua."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Kijana akaitwa, akapewa ruhusa kazini, akashuka kwenye treni mchana kweupe, mzima, mweusi wa kupendeza, na aibu tele. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsongea bukari, ugali wetu.

Sasa wewe, jana umenionyesha kwenye simu yule binti wa Musonoi, ukasema uso wake ni wa baridi, hana furaha. Mwanangu, amesimama chini ya turubai la bluu! Rangi inayomzunguka mtu inakuambia amechoka, ana hasira au ni mwema, nawe unaiamini kabla hajafungua kinywa. Usimkatae mtu ambaye hujakaa naye nje, mkaongea, ukamwona anavyocheka.

Panda moto, ile pikipiki, uende kwake kungali mchana. Mungu akutangulie, akufungulie macho, na akupe mtu wa kuzeeka naye kwa furaha, kama alivyonipa mimi.