Chipsi za Sinia Moja

Nakumbuka jioni moja ya Ramadhani, mwanangu, nilipokuwa bado bi harusi mgeni katika nyumba hii yetu ya Kaloleni, ninayeuliza hata chumvi inakaa wapi. Wewe hukuwepo. Hata sasa ninapoandika haya umelala na kidole mdomoni, na meno yenyewe hayajatimia. Lakini utakua, utajua kusoma. Akina mama wengine hungoja mvi ndipo watoe nasaha zao. Mimi nina haraka, acha nikupe yangu ingali moto.

Mwaka ule nyanya yako, Bi Rukia, alikuwa ametoka kulazwa kwa sababu ya moyo. Daktari alimruhusu kufunga akijisikia vizuri, dawa anywe magharibi na daku, lakini vya kukaangwa kwenye mafuta mengi aviage kabisa. Sasa mwambie mtu mwingine hivyo, si nyanya yako! Huyu ndiye mwanamke ambaye karai lake la futari lilijulikana mstari wote wa nyumba zetu. Bajia, kaimati, viazi karai, na zaidi ya vyote chipsi, maana babako alipokuwa mdogo hakukubali kujaribu kufunga bila kuahidiwa chipsi. Magharibi mkeka ulitandikwa barazani, sinia likawekwa katikati, na aliyepita akaitwa. Mama Shiro wa mlango wa pili, Mkristo wa kanisa kabisa, alikuwa akifika kabla ya adhana, eti amekuja kuuliza saa.

Aliporudi kutoka hospitali, nyanyako aliacha kukaa mkekani. Adhana ikilia anakula tende, anakunywa maji, anasema amechoka, anaingia chumbani. Namwekea uji, baadaye naukuta umeshika ngozi juu. Alikonda hadi bangili zikawa zinamteleza mkononi. Babako akaninong'oneza jikoni, "Huyu mama anatuaga." Niliogopa, mwanangu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na ndiyo kwanza nilikuwa nimempata mtu wa kumwita mama. Nilitaka ale. Sikutaka kingine.

Ndipo shangazi yako anayefanya kazi Uarabuni akatutumia air fryer. Wewe umezaliwa umeikuta juu ya kabati, huoni ajabu. Siku ile majirani walikuja kuitazama kama mtoto mchanga. Inapika kwa upepo wa moto, mafuta ni kijiko tu. Nyanyako aliizunguka, akaigonga kwa kidole, akauliza, "Na hili pipa linafua nguo pia?"

Mimi nikajiambia, dawa imepatikana. Kesho yake nikakaanga chipsi za watu wote kwenye karai kama kawaida. Kisha nikachukua viazi vingine, nikavikatakata, nikavitia kwenye mashine vikiwa vinatiririka maji, nikaijaza hadi juu. Sikuweza kuonja kwa sababu nilikuwa nimefunga. Zilitoka nyeupe, zimelegea, zimeshikana kama watoto wanaoogopa sindano. Nikazipanga kwenye sahani nzuri yenye maua, nikaweka kifuniko, na adhana ilipolia nikampelekea chumbani.

Alifunua. Akafunika.

"Nani mwingine anakula hizi?"

"Ni zako peke yako, mama. Hazina mafuta."

"Na nyinyi mnakula nini huko nje?"

Harufu ya karai ilikuwa imejaa nyumba nzima, ikamjibu kabla yangu.

"Mwanangu," akaniambia, wala hakupaza sauti, "nimechoka kula kama mgonjwa. Tangu nirudi kila kitu changu kina kifuniko. Uji wangu, sahani yangu, hata maji yangu. Nyinyi mnacheka barazani, mimi huku natafuna peke yangu kama mtu wa kifungoni. Ukitaka nile, nipe mnachokula."

"Lakini mama, daktari alisema..."

"Daktari alikataza mafuta. Alikataza watu?"

Nikatoka na sahani yangu ya maua hadi barazani. Mama Shiro akanyoosha mkono akachukua chipsi moja, akaitafuna kwa adabu, macho juu. "Hebu niambie, mke wa Idi," akasema, "hii imeiva ama imetishiwa moto tu?"

Nilicheka na kulia pamoja.

Siku iliyofuata nililiosha karai nikalisukuma chini ya kitanda. Nikaenda kwa nyanyako nikamwambia, "Mama, leo sisi sote tunakula za mashine. Lakini inashika kidogo kidogo na watu ni wengi. Peke yangu sitaweza."

"Basi tuanze alasiri," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali akafunga leso kiunoni.

Na hapa ndipo nataka unielewe ni mtu gani anayekulea. Mwanamke aliyekaanga maisha yake yote, ambaye wenzake walikuja kujifunza kwake, aliketi kwenye stuli mbele ya lile pipa kama mtoto wa chekechea siku ya kwanza. Mkupuo wa kwanza ulitoka mbaya kama wangu. Hakusonya, hakusema vitu vya kisasa ni uongo. Alivunja chipsi moja akaichungulia ndani. "Ni maji," akasema. "Viazi vinachemka badala ya kukaangika."

Tukaloweka vipande vya viazi kwenye maji baridi, tukayamwaga na kuyabadilisha hadi yakaacha kuwa meupe. Akavitandaza juu ya leso safi, akavipangusa taratibu, vile anavyokupangusa wewe ukitoka kuoga, hadi katikati ya vidole. Ndipo akatia mafuta kijiko, akavisugua kwa mkono kila kimoja kipate. Chumvi akasema ingoje mwisho. "Na usivirundike. Vipe nafasi, navyo vinataka kupumua." Katikati ya kupika akavuta kikapu, akakitikisa, akatega sikio. Mara ya kwanza zilisikika kama matope. Baadaye zikaanza kugonga kikapu kama kokoto, naye akatabasamu.

Kwa vile sote tumefunga, kuonja ikawa kazi ya Mama Shiro. "Mama Shiro! Njoo utuonjee!" Alikuja mbio, na kila mkupuo akadai moja haitoshi kutoa hukumu.

Babako naye akachomeka pasi anyooshe kanzu. Stima ya nyumba nzima ikazidiwa, ikakatika.

"Idi!" nyanyako akapiga kelele kutoka jikoni. "Vaa hivyo hivyo ilivyojikunja! Mungu anaangalia moyo!"

Nilisimama pale jikoni nikamsikia mama akipiga kelele, na moyo wangu ukajaa. Kelele zile tulikuwa tumezikosa sana.

Stima iliporudi tukaendelea, na magharibi ilipokaribia tukazirudisha zote kwenye mashine kidogo kidogo zishike moto. Nikajaza sinia, kando kachumbari na ukwaju wa pilipili. Nikaliweka mkekani. Hapakuwa na sahani nyingine yoyote. Adhana ikalia, sisi sote tukageuka kuutazama mlango.

Akatoka. Akaketi pale pake, mahali ambapo hakuna aliyekuwa amethubutu kukaa. Akala tende, akanywa maji, akanyoosha mkono katikati ya mikono yetu.

"Sasa mama, mafuta yako wapi?" babako akauliza akigeuzageuza chipsi.

"Yako dukani. Nenda ukayanywe."

Alikula, mwanangu. Alikula akamsukuma Mama Shiro kwa kiwiko, "Wewe umeshiba tangu alasiri, toa mkono!" Mimi niliinamisha uso nikajifanya pilipili imeniingia machoni.

Sitakudanganya, si sawa na za karai. Karai lina utamu wake, na sikukuu huwa tunalitoa. Lakini hizi ni kavu nje, laini ndani, na mimi huota siku nitakapofungua kibanda cha kuziuza hapa mtaani, kisicho na moshi, kimepakwa rangi ya manjano. Babako hucheka. Acha acheke.

Basi, nasaha yangu ni hii. Mtu wako akikatazwa kitu, usimtengee sahani kando ukadhani umemaliza kumpenda. Badilisha sufuria ya nyumba nzima. Ikiwa ni chumvi, punguzeni wote. Ikiwa ni sukari, wote mnywe chai isiyo na sukari hadi muizoee. Na mtu mzima akikukemea kwa upole, usikimbilie kujitetea. Amekuonyesha anapoumia, na si kila mtu huonyeshwa. Halafu uwe kama nyanyako, usione haya kujifunza kitu kipya mbele ya watoto.

Mungu akukuze na siha njema. Akupe mikono isiyochoka kupikia wengi, na cheko la kusikika hadi kwa jirani. Na siku wewe utakapokuwa dhaifu, akuzungushie watu watakaojisogeza wakupe nafasi katikati yao. Amina, mwanangu. Amina.